Mwano wa Mama Dorah

Watu wa kitongoji cha Mwankuba wanapomtaja Melania, Mama Dorah, siku hizi hushusha sauti, utadhani wanamtaja marehemu. Hajafa. Nyumba yake ya tofali za kuchoma iko palepale, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka Nyarugusu, na moshi unatoka jikoni kwake asubuhi na jioni kama kwa watu wengine. Ila hakuna anayempigia hodi, na mama aliyekuwa akiamkiwa na kitongoji kizima sasa anapita njiani watu wakitazama miguu yao. Kila anayesimulia ilivyokuwa huanzia pale anapopapenda mwenyewe. Pa haki pa kuanzia ni kwenye ringi la gari.

Ringi hilo linaning'inia kwenye nguzo nje ya ghala la zamani la pamba, na kwa miaka kumi na mmoja mtu wa kuligonga alikuwa Melania peke yake. Kila jioni ya Jumatano inayotangulia Alhamisi ya pili ya mwezi alitoka na kipande chake cha nondo akaligonga mpaka mbwa wakabweka, na wanawake wakajua kesho ni mkoba. Mkoba ni ile kliniki inayotembea: gari la halmashauri linakuja na nesi na boksi la chanjo kwa watu walio mbali na zahanati, na zahanati ya Mwankuba iko kilomita ishirini na tatu, ng'ambo ya mbuga ambayo masika haipitiki. Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya ghala. Kila mama alikuja na kaptula yake ya kupimia mtoto, nyingine zimeshonwa kwa kanga, nyingine kwa kiroba cha mbolea, na hapo ndipo ilipojulikana nani ana cherehani na nani anajisingizia.

Melania mwenyewe si mzaliwa wa huku. Alizaliwa Mwadui, Shinyanga, baba yake akiwa fundi bomba kwenye mgodi wa almasi, akakulia kwenye nyumba ya kampuni yenye maji uani. Kadi yake ya kliniki ya utotoni anayo mpaka leo, ndani ya bahasha moja na cheti cha ubatizo, kila kisanduku kimejazwa kwa kalamu ya bluu. Utoto ule ulimfundisha jambo moja, kwamba tarehe ikiandikwa, siku ikifika mtu anakuja. Alihama na imani hiyo alipoolewa na Athanas, mkulima na mfugaji wa huku Geita, na hakuiacha hata alipokuta kwamba huku hakuna wa kuandika tarehe wala wa kuja. Mtoto wake wa pili, Justa, alikufa kwa surua akiwa na miezi kumi na minne. Melania akimzungumzia huitaja hiyo miezi tu, halafu anaulizia habari nyingine.

Kwa hiyo walipotafutwa watu wa kujitolea kwenye afya ya jamii, kitongoji kilimsukuma mbele yeye. Anasoma, anaandika, na hana haya ya kuingia kwenye miji ya watu, nyumba moja hadi nyingine, akauliza choo kiko wapi. Akapewa fulana, baiskeli na daftari. Fulana ilipauka, baiskeli ikafa, daftari likajaa akanunua jingine. Humo aliandika kila mtoto aliyezaliwa Mwankuba, jina la mama, na Alhamisi yake ya kurudi. Asiyeonekana Alhamisi yake, Ijumaa anamkuta Melania amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, anamenya viazi vitamu pamoja naye na hasemi neno mpaka mwenyewe aone aibu. Walimwogopa na walimpenda, na kwa watu wa huku hivyo viwili havigombani.

Mwaka wa fedha ulipoanza, Julai ya mwaka jana, Alhamisi ya pili ilifika, ringi likagongwa, akina mama arobaini wakaja na kaptula zao, na gari halikuja. Walikaa mpaka jua likahama upande wa pili wa ghala. Melania akampigia simu nesi Scolastika, ambaye ndiye aliyekuwa akija na gari miaka yote, na Scolastika akasema labda gari ni bovu, hata yeye hajaambiwa. Agosti ringi likagongwa tena. Walikuja ishirini na kitu. Gari halikuja. Septemba Melania aliuliza kwanza kabla ya kugonga, akajibiwa kwamba wanadhani litakuja, akagonga. Walikuja tisa, wakakaa, wakaondoka bila kumuaga.

Wiki iliyofuata Eliya, mtendaji wa kijiji, alisoma barua kwenye mkutano. Mapato ya ndani ya halmashauri yameshuka, makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yamehamia wilaya nyingine, na kutokana na ufinyu wa bajeti huduma ya mkoba imesitishwa hadi hapo itakapotangazwa. Ufinyu wa bajeti. Wakubwa wana maneno ya ajabu. Ukiyasikia unadhani bajeti ni kiatu kimembana mtu fulani na yeye ndiye wa kupewa pole. Posho ndogo ya Melania nayo ilikuwa kwenye barua hiyo, mstari wa mwisho. Watu waliitikia kwa kuguna, wakauliza habari ya dawa ya josho la ng'ombe, ambayo nayo ilikuwa imekoma, wakatawanyika.

Barua ilikuja miezi mitatu baada ya uamuzi, na katika miezi hiyo mitatu watu walikuwa wameshapata maelezo yao. Walisema Mama Dorah amekula mafuta ya gari. Kwani dizeli inalika? Mwanamke ambaye hajawahi kumiliki hata kibatari cha ziada ameipeleka wapi? Lakini maneno yakishaota miguu hayaulizi njia. Wao hawakuwahi kuiona halmashauri. Waliona ringi, na aliyekuwa analigonga. Melania aliyasikia maneno hayo kisimani, kwa mtu aliyejidai hajui kwamba yuko nyuma yake. Alijaza ndoo yake akajitwisha. Alitegemea hasira ingemfuata njiani, akafika nyumbani haijamfuata.

Novemba surua iliingia kambi ya wachimbaji. Palikuwa na rashi mpya ya dhahabu ng'ambo ya mbuga, watu wametoka Chunya, wametoka Singida, wametoka Kahama na watoto mgongoni, wamejenga kwa maturubai pembeni mwa maduara, mashimo yao ya kuchimbia. Watoto wakaanza kuwa na macho mekundu na vipele nyuma ya masikio. Wawili wakazikwa siku moja. Kwa ugonjwa huo mafuta yalipatikana, ya dharura, ya safari moja.

Ndivyo gari lilivyotokea Mwankuba siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, bila taarifa, na simu ya Melania ikiwa haina chaji. Alikuwa anaanika udaga wa muhogo. Scolastika alishuka na boksi lake la chanjo, amekonda, akasema wana mpaka saa nane tu, kuna kambi mbili zinasubiri na dereva ameambiwa asirudi na giza. Melania akakimbilia nondo. Akagonga ringi mpaka mkono ukafa ganzi.

Walikuja wanawake watatu.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alipita kumi na saba. Hakuna aliyemtukana, kumtukana mtu mzima mchana kweupe si tabia ya watu wa huku. Walimkaribisha, wakampa kigoda, wakamwambia wana kazi. Noela, mwanamke kijana mwenye mtoto wa miezi kumi, alikuwa anapepeta mtama mita mia mbili kutoka kwenye ghala. Gari alikuwa analiona kwa macho yake.

"Nililiona siku zile pia, mayu," alimwambia Melania kwa upole. "Niliona vumbi, nikasema ndilo, kumbe ni la mchanga. Sasa nimechoka kuona."

Melania alirudi ghalani saa saba na robo. Wale watatu walikuwa bado wamekaa. Scolastika hakuwa amegusa kichupa hata kimoja, na ana sababu zake: chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake haihamishwi kituo, inayobaki ni ya kumwaga, na kila kichupa ni cha watoto kumi.

"Mama Dorah, nikifungua kwa watatu, saba namwaga," alisema. "Na kule kambini watakosa saba."

Akaanza kufunga mkanda wa boksi. Hakufunga kwa jeuri, alifunga taratibu, kama anayetaka azuiwe. Melania alimtazama. Anasema hakuwaza neno lolote. Hakumuwaza hata Justa, ingawa watu hupenda kusema kwamba alimuwaza. Alitoka nje, akapanda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya ghala, akaweka kiganja mdomoni na kupiga mwano.

Asiye wa huku lazima aambiwe. Mwano si kelele. Ni sauti ya Wasukuma ya kuitana wakati ng'ombe wameswagwa na wezi, nyumba inaungua, au mtu amevamiwa. Ukiusikia unaacha ulichoshika, unaupokea, unaupeleka kwa jirani, unakimbia. Asiyetoka anahesabiwa yuko upande wa mwizi. Ndicho kitu pekee Mwankuba ambacho hakijawahi kutegemea fungu la mtu yeyote, na kwa sababu hiyo kina walinzi wake, sungusungu, na mkubwa wao mwenye cheo cha mtemi, ambaye ni mzee Jilala.

Walitoka wote. Wanaume na fimbo na pinde, wachimbaji wa maduara ya karibu wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wanawake na watoto mgongoni kwa kuwa mtoto haachwi ndani mwano ukilia. Noela alikuja na ungo mkononi. Walifika wakihema wakamkuta Melania amesimama juu ya kichuguu, hana jeraha, hana machozi.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza Jilala.

"Hayupo, baba. Kuna chanjo."

Mtu mmoja alitema mate chini. Jilala, ambaye miguu yake ni mibovu na alikuwa amekimbia kutoka upande wa pili wa kitongoji, aliegemea fimbo yake mpaka pumzi ikarudi, akawatazama wale watoto migongoni, akiwemo mjukuu wake mwenyewe.

"Wachomeni watoto kwanza," alisema. "Hili lingine lina siku yake."

Walichanjwa watoto sitini na wanne. Scolastika alichoma kama mashine, hajainua kichwa, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha aliacha tarehe za kurudi bila kuzijaza. Akamwambia Melania atazijaza yeye, si anazo kwenye daftari. Saa nane na nusu gari likaondoka.

Siku yake ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, kwenye josho lililokauka. Melania alifika na Athanas, wakaketi walipoonyeshwa. Kwanza aliitwa Mageni, mchimbaji. Jumanne ile alikuwa chini ya duara, urefu wa minazi miwili, wenzake juu wanavuta kamba. Mwano ulipolia waliiachia kamba wakakimbia, kama inavyotakiwa. Mageni alikaa chini saa mbili na nusu, tochi ikafifia ikazima. Hakuumia. Alieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaomba akae.

Kisha Jilala alizungumza na Melania, wala hakufoka.

"Ringi tulikupa," alisema. "Mwano hatukukupa. Siku ng'ombe wakiswagwa kweli, mtu akasema labda ni sindano, akaendelea kula, nitamjibu nini?"

"Ni kweli, baba," alisema Melania.

Aliulizwa kama ana la kuongeza. Akatikisa kichwa. Angeweza kutaja mjukuu wa mtemi. Angeweza kuuliza ni nani hasa aliyewadanganya watu Alhamisi tatu mfululizo, na kama huyo naye ana josho lake la kukalishwa. Watu walisubiri aseme, wengine walitamani aseme. Lakini alikuwa amemsikiliza Mageni, na aliona mzee Jilala hajakosea. Hapo ndipo paumapo katika habari hii yote: hakuna wa kumkasirikia aliyekuwa amefika pale.

Akatengwa miezi mitatu. Kutengwa huku si kifungo, hakuna anayekushika. Hakuna anayekusalimu. Huombi moto, huuziwi chumvi, ukifika kisimani wengine wanasogea mpaka umalize. Ng'ombe zako wa kulimia hawapati jozi kwa jirani. Anayezungumza nawe anatoa mbuzi. Eliya mtendaji aliyekuwepo alikohoa, akasema sheria za nchi haziutambui utaratibu huo, akasema yeye amesema tu, akaenda zake. Naye anaishi hapohapo na anapenda kusalimiwa.

Athanas hakumlaumu mkewe. Alilima kwa jembe la mkono sehemu aliyozoea kulima kwa plau, akarudi, akala, akalala. Alikwenda kununua chumvi Nyarugusu kwa miguu. Siku moja tu alisema, akiwa anavua viatu, kwamba mahindi ya jirani yao Magesa yameota vizuri. Melania angefurahi kama angegombezwa.

Yeye mwenyewe alisubiri uchungu uje. Alijua utakuja, kama anavyojua mtu aliyegonga kidole na bado hajasikia. Aliamka, akafagia, akatwanga. Wanawake walipita kwenda kisimani wakiongea, wakafika usawa wa mji wake wakanyamaza, wakapita, wakaendelea kuongea. Ilikuwa hivyo kila asubuhi, mpaka akawa anaweza kuujua urefu wa uwanja wake kwa ukimya wao. Alimpigia Dorah, binti yake aliyeolewa Kahama, akazungumza naye habari za mvua. Uchungu haukuja. Kilichokuja ni kama ile ganzi ya mkono wa siku ya ringi, imepanda imefika begani, imeshuka upande wa pili.

Wiki ya tatu Scolastika alipiga simu. Surua imetulia kambini, na kutoka Mwankuba hajasikia hata mtoto mmoja aliyeugua. Melania akasema Mungu ni mwema. Akauliza habari ya zile tarehe za kurudi, maana kadi za watu hazijajazwa, na kuna watoto wa dozi ya pili.

"Usiwaandikie kitu kwanza," alisema Scolastika. "Yale mafuta yalikuwa ya mara moja. Hata mimi wananihamishia wilayani."

Kesho yake asubuhi, Melania alipotoka na ufagio, alikuta kadi ya kliniki kwenye jiwe la mlangoni, imewekewa kokoto isipeperuke. Aliinama akaisoma palepale. Ilikuwa ya mtoto wa Noela. Hakuna aliyekuwepo uani, ila nyuma ya ua wa minyaa wa jirani kulikuwa na kitenge cha manjano anachokijua, kimesimama tuli. Kuzungumza ni mbuzi. Kuacha kadi kwenye jiwe hakujatajwa na mtu.

Ilipofika mchana zilikuwa zimeshafika kadi nne. Jioni zilikuwa kumi na moja, zimepangwa chini ya kokoto moja, na ya chini kabisa, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe, ilikuwa ya mjukuu wa Jilala. Nani aliileta, Melania hakuona. Hawa ndio waliosema amekula dizeli. Walimnyima chumvi na hawamwamkii, lakini walikuwa hawajui mtu mwingine wa kumpelekea.

Alizibeba ndani akakaa nazo mezani, kwenye mwanga wa mwisho wa dirishani. Akatoa daftari na kalamu ya bluu. Kwa kila mtoto alijua dozi iliyobaki na mwezi wake. Hayo anayahesabu usingizini. Ni siku tu aliyokuwa hana. Angeweza kuandika Alhamisi ya pili, kama alivyoandika miaka kumi na mmoja, na wangekuja, safari hii wangekuja hata bila ringi, wakakaa ghalani na kaptula zao. Angeweza kuandika zahanati, lakini njia ya zahanati wanaijua, hawakuacha kadi kwenye jiwe ili waelekezwe njia. Athanas aliingia, akaziona, akatoka tena kwenda kufunga ndama.

Melania alifunika kalamu. Alizifuta kadi vumbi moja moja kwa pindo la kanga, akazipanga kama zilivyokuwa, ya mfuko wa nailoni chini, akazirudisha kwenye jiwe na kuziwekea kokoto yake. Akabaki amesimama mlangoni.

Noela alikuja kabla giza halijaingia, mtoto mgongoni amelala. Hakumtazama Melania. Alichukua kadi yake, akaifungua. Noela hajui kusoma, lakini kisanduku chenye maandishi na kisicho na maandishi anavijua. Alikitazama kile kisanduku kitupu muda mrefu. Kisha akaigeuza kadi nyuma, kuona kama labda tarehe imeandikwa huko.